Roboti Aliyeng'olewa Jino

Wifi yangu anaongea. Natanguliza hilo ili mtu asije akasema nilimficha. Anaongea akipiga pasi, anaongea akila, anaongea akitafuta kitu ambacho amesahau alikokiweka kwa sababu alikuwa anaongea. Mtaani wanamwita Redio, na jina hilo halimuudhi. Anasema tofauti ni kwamba yeye hategemei umeme. Kazi yake ni kupiga pasi kwenye duka la dobi, na wapo wateja, nawajua kwa sura, ambao huchafua mashati mapema ili wapate sababu ya kurudi kumsikiliza.

Mimi ni msusi, kwa hiyo sisemi kama mtu asiye na mdomo. Saluni bila maneno ni chumba cha kuvutana nywele tu. Lakini nikikaa na wifi yangu mimi ni bubu. Na kwa kuwa ameolewa na mdogo wangu, ninazo haki zote za wifi: kumchunguza, kumsema, na kula chakula chake mpaka sahani ing'ae huku nikidai chumvi imezidi. Haki hizo nimezitumia bila uvivu.

Mdogo wangu ni fundi saa. Anafanyia kazi nyumbani, kwenye meza ndogo chini ya dirisha la sebuleni, kibano mkononi, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Alipokuwa mtoto, mama yetu alikuwa akimtingisha bega mara kwa mara kuhakikisha hajalala. Akikubali anasema "mm." Akikataa anasema "mm." Tofauti anaijua Mungu. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini wahenga hawakumjua mdogo wangu. Yeye anakohoa ndani kwa ndani. Alimposa huyu mwanamke kwa kumtengenezea saa ambayo haikuwa mbovu.

Ukiingia kwao jioni, utamkuta mke upande mmoja anakunja nguo na kusimulia, na mume upande wa pili amempa mgongo, kichwa kimezama kwenye saa ya mtu. Mimi nilikuwa nikiona kichekesho. Mpaka siku moja nilipokuwa namsuka, akasema:

"Wifi, nikuulize kitu. Usicheke."

"Kama kinachekesha nitacheka."

"Mdogo wako hunisikia?"

"Ana masikio mawili. Nimeyaosha mwenyewe."

"Siulizi masikio. Namwambia mambo yangu yote, wifi. Yaliyonifurahisha, yanayonitia hofu, hata ndoto. Wakati mwingine natamani nimshike nimfungue kisogo nione kama mna mtu ndani."

Sauti yake ilikuwa imeshuka, na sauti ya wifi yangu haina mazoea ya kushuka. Sikucheka. Nilimvuta nywele kidogo, nikaingiza habari za mafuta ya nazi.

Muda si mrefu gego likamsumbua. Akaenda kwa daktari wa meno asubuhi, akachomwa sindano ya ganzi, jino likatoka, akajazwa pamba, akaambiwa asiongee mpaka damu ikauke. Agizo hilo nina hakika daktari alilitoa kwa ajili ya mapumziko yake mwenyewe. Mtu mwingine angeenda nyumbani kulala. Yeye alikwenda kazini, kwa sababu mashati yalikuwa yanasubiri.

Ndipo akaingia mtu na furushi la nguo za kijivu, zote za mshono mmoja. Alikuwa mwongozaji wa filamu, mtu wa sauti ndogo, anayezungumza kana kwamba chumba cha pili kuna mgonjwa. Akamkuta wifi yangu anapiga pasi. Kola, bega, mkono, kifungo, anageuza. Nusu ya uso imekufa ganzi, nusu nyingine inaisindikiza. Mwenye duka anampa maagizo, yeye anatikisa kichwa tu kukubali. Yule bwana akasimama kumtazama mpaka akasahau kudai risiti. Kisha akamweleza kwamba anatengeneza filamu, na kwamba mtu wa namna yake amemtafuta sana. Wifi akatikisa kichwa. Angeweza kuja wiki inayofuata? Akatikisa kichwa. Yeye ni mtu mkimya hivi siku zote? Na wifi yangu, Mungu amsamehe, akatikisa kichwa. Mwenye duka ilimbidi aende nyuma kwenye ndoo za sabuni akacheke huko.

Kesho yake mdomo ulikuwa umepona na una maneno ya akiba. Alinijia saluni.

"Ni filamu ya mambo ya siku zijazo," akaniambia. "Kuna familia ina roboti mwenye umbo la mtu. Anawapigia pasi, anasimama pembeni, wao wanazungumza naye kama ndugu. Roboti hasemi neno kutoka mwanzo mpaka mwisho, na uso hautikisiki. Sasa kiwanda kinataka kumchukua, na familia haijui kama miaka yote alikuwa anawasikia au zilikuwa nyaya tu."

"Na watu wataiacha milo yao waende kuangalia roboti anapiga pasi?"

"Ndiyo sanaa, wifi. Lakini alivyonieleza hivyo nilicheka ndani ya pamba. Nilitaka kumwambia, bwana, roboti huyo ninaye nyumbani, anatengeneza saa."

"Mwambie ukweli. Wewe kunyamaza huwezi."

Alijitazama kwenye kioo changu, akajitazama tena.

"Nitaweza," akasema. "Na mazoezi nitafanyia nyumbani. Kuanzia leo, nikivuka kizingiti nanyamaza. Sitamwambia mdogo wako kitu. Nataka nione kama atajua kuna kilichozimika."

"Na asipojua?"

"Basi nitakuwa nimepata jibu."

Akaniapisha nisitoboe siri. Nikaapa huku namhurumia, maana mdogo wangu namjua. Paa la nyumba lingeondoka, yeye angesogeza taa tu.

Ikawa kweli. Anaingia nyumbani, anapika, anapakua, anasimama ukutani mikono imening'inia, macho kwenye kitu ambacho hakipo, kama mwongozaji alivyomwagiza. Mume anakula. Mume anarudi kwenye meza yake. Mchana, kwenye duka la dobi, wifi alikuwa akimwaga maneno ya usiku na ya mchana kwa pamoja, hata mwenye duka akaanza kuniuliza filamu hiyo inaisha lini. Lakini nilipomwuliza kama mume amestuka, aliniambia hapana, na hakuongeza kitu. Wifi yangu kutoongeza kitu si dalili njema.

Kisha mdogo wangu akatokea saluni kwangu. Hajawahi kuingia humo tangu niifungue. Wanawake wote chini ya mashine za kukaushia nywele wakanyamaza kwa mpigo, wasije wakakosa neno.

"Dada," akasema.

"Mm," nikamjibu, naye aonje.

"Wifi yako ana nini?"

"Kwani ana nini?"

"Hasemi."

"Umemwuliza?"

"Nimemwuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema, mm?"

Mmoja chini ya mashine akakohoa kicheko. Mdogo wangu hakusikia. Alikuwa anachezea kitana changu, anakigeuza huku na huku.

"Jana nimefunga saa ya mteja," akasema, "mshale wa dakika nikausahau nje."

Kwa mtu wa kazi yake huo ni msiba. Roho iliniuma, ni mdogo wangu. Lakini kiapo ni kiapo, nami nilitaka pia ahangaike kidogo, nisiseme uongo. Nikamwambia, "Nenda katafute umemkosea wapi."

Hilo lilikuwa kosa langu. Fundi haambiwi akatafute kasoro, maana ataichukulia kazi. Alikwenda nyumbani akaanza na bomba la jikoni, lililokuwa likivuja tangu nikiwa sina mvi. Kutoka hapo akaingia kwenye mlango wa kabati unaobana vidole, akaja kwenye komeo la dirisha, mguu wa kitanda, mpini wa birika. Kila kitu ambacho wifi amewahi kukilalamikia, kikapata dawa. Siku ya pili yake akanigongea mimi, nyundo mkononi.

"Kile kiti tulichokupa," akasema. "Kina msumari."

Kiti chenyewe walinipa zamani mno, mimi nimeshakisahau. Akakipindua, akaung'oa msumari, akaupangusa, akautia mfukoni. Msumari huo ndio uliochana gauni la wifi yangu alipokuwa bibi harusi wa majuzi.

Nilikimbia duka la dobi na habari njema, nusura niache mteja na kichwa cha povu. "Anakusikia," nikamwambia wifi. "Yote. Hata msumari wa kiti."

Akaiweka pasi chini. "Kwa hiyo alinisikia."

"Neno kwa neno."

"Alisikia kwamba bomba linavuja, miaka yote hiyo, akakaa kimya."

Nikaona kwamba nilidhani nimeleta maji, kumbe ni mafuta ya taa.

"Heri angekuwa kiziwi, wifi. Kiziwi ana udhuru."

Akainua pasi, akaikandamiza kola ya watu. Alipiga pasi kola hiyo muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Halafu amesikia vilivyoharibika tu," akasema taratibu. "Fundi yeyote husikia kitu kinacholia. Mimi nimemwambia mengine mengi, wifi. Ambayo hayana msumari."

Kwa mara ya kwanza nilimkasirikia mdogo wangu kwa niaba ya mtu mwingine, na mtu mwenyewe ni wifi, jambo ambalo ningeapa haliwezekani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikajisemea, tusubiri.

Siku ya kupiga picha nilikwenda naye kumbana nywele, maana mwongozaji alizitaka zilale kabisa. Walikuwa wamekodi nyumba ya kawaida. Kamera ilikuwa imefichwa kwenye ukumbi wa nyuma, inachungulia sebule kupitia pazia, na watu wote walikuwa wanatembea kwa soksi. Mezani aliketi baba wa filamu, mama wa filamu na binti wao. Nyuma yao, kwenye meza ya pasi, amesimama wifi yangu ndani ya gauni la kijivu. Mimi niliambiwa nikae mlangoni mwa jikoni na kitana changu na nisipige chafya.

Wakaanza. Familia inakula, hakuna anayesema. Baba anageuka, anamwuliza roboti kama anajua kesho watamfuata. Roboti anapiga pasi. Mimi si mtu wa kumsifu wifi yangu, lakini alikuwa roboti. Macho yake yalimpita yule baba kama anatazama chumba kisicho na mtu, na mkono unakwenda, kola, bega, kifungo. Mimi mwenyewe nikaanza kuhofia kwamba pengine amenyamaza kweli.

Mlango wa mbele ukafunguliwa, akaingia mdogo wangu.

Alikuwa amekwenda duka la dobi kumwangalia mkewe. Mwenye duka, ambaye hakuapishwa na mtu na anapenda vituko, akamwambia tu kwamba mkewe ameomba ruhusa na yuko nyumba fulani, kwa familia fulani. Kwa hiyo alichokiona ni hiki: mkewe ndani ya sare, anawapigia pasi watu wengine, amesimama nyuma ya mwanamume mwingine anayekula, na hasemi kitu. Kamera hakuiona. Uso aliouweka pale sijauona tangu tulipomzika mama. Nilitaka kutoka nimweleze, lakini mwongozaji aliniinulia mkono kutoka ukumbini, nisitoke. Ama alisahau kusema "kata", ama hakutaka.

"Samahani," mdogo wangu akamwambia baba wa filamu. "Nina neno na mke wangu."

Yule mwigizaji alitupa jicho ukumbini, hakusikia agizo. "Karibu," akasema, na akaendelea kutafuna.

Mdogo wangu akasimama mbele ya meza ya pasi.

"Bomba limepona," akasema.

Pasi ikaenda, ikarudi.

"Na kile kiti."

Pasi ikaenda.

"Sijui nimekosa nini. Dada kaniambia nitafute. Nimetafuta mpaka vitu vimeisha."

Wifi akageuza shati. Uso haukutikisika. Mdogo wangu akafuta mikono kwenye suruali, akamgeukia yule binti mezani kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa anamtazama, na akaanza, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kukatika kwa maji, kusimulia kisa. Mdogo wangu. Kisa.

"Kuna mtu aliwahi kuleta koti kwa dobi," akasema. "Baadaye akarudi mbio. Mfukoni mlikuwa na meno. Meno ya bandia. Yalikuwa ya baba mkwe wake."

Pasi ikasimama.

Kisa hicho ni cha wifi yangu, mtaa mzima umekisikia, na meno ni ya mama mkwe. Utamu wote uko hapo. Ukiweka baba mkwe, umechemsha chai bila majani. Lakini mdogo wangu aliendelea tu.

"Sasa huyo baba mkwe..."

"Mama mkwe," akasema roboti, hajainua macho.

Binti wa filamu aliangusha kijiko.

"Baba mkwe," akasema mdogo wangu.

"Mama mkwe. Baba mkwe meno ya bandia angeyapeleka wapi, ana yake yote mdomoni, anamenyea miwa? Aliyekuwa hamwachi mtu apumue ni mama mkwe, ndiyo maana akafichiwa meno, sasa wewe ukiweka baba mkwe yamefichwa ya nini, watu watakuelewa vipi, na usinitazame hivyo, hata wewe baba unayekula hapo sema, utaelewa?"

Yalimtoka yote aliyoyabana wiki nzima, kuhusu meno, kuhusu bomba, kuhusu mume aliyeoa redio na kuikalia kimya. Shati chini ya pasi likaanza kutoa moshi, shati la kwanza kuungua mikononi mwake tangu aanze kazi, na hakuliona. Mdogo wangu alisubiri mpaka akavuta pumzi.

"Najua ni mama mkwe," akasema.

"Unajua?"

"Koti la kahawia. Mfuko wa ndani, wa kushoto. Aliyaficha apate jioni moja ya amani. Ulinisimulia mara ya kwanza ukiwa unakunja mashuka, mvua inanyesha. Alipokuja shangazi ukasimulia tena, ukamwongeza mbwa. Mwanzoni mbwa hakuwepo."

"Alikuwepo."

"Hakuwepo."

Wifi akamtazama. "Kwa hiyo umekosea makusudi."

"Huwezi kuvumilia kisa kikiharibiwa. Sikuwa na njia nyingine."

"Na siku zote hizi, mbona hujawahi kunijibu neno?"

Mdogo wangu alifikiri. Huwa anafikiri hivyo akiwa ameishika skurubu ndogo kabisa na hataki idondoke.

"Ningesema, ungenyamaza unisikilize," akasema. "Sikutaka unyamaze."

Mimi, wifi mzima, nilikuwa jikoni nalia na kitana mkononi. Wifi yangu hakulia. Aliisimamisha pasi, akashika kiuno.

"Haya, kama unajua sana, kimalizie."

"Mwisho siujui."

"Umekisikia mara zote hizo."

"Hujawahi kuufikisha. Ukifika pale mama mkwe anapoyavaa meno, unacheka mpaka unashindwa kusema. Na mimi huwa naweka kazi chini, nageuka nakutazama. Hujawahi kuniona kwa sababu ukicheka unafumba macho."

Hata baba wa filamu aliacha kutafuna. Wifi yangu akaweka sawa gauni la kijivu kama mtu anayetaka kusimamia jambo kwa heshima.

"Leo nitakumalizia," akasema. "Basi mama mkwe akayavaa meno, akajitazama kwenye kioo, akamgeukia mkwewe, akamwambia..."

Akacheka. Macho yamefumba, mkono mmoja umeshika meza ya pasi. Na mdogo wangu akavuta kiti cha wale watu, akakaa, akamtazama.

Mwongozaji alisema "kata" kwa sauti ya mtu aliyefiwa na roboti. Alitafuta mwingine, msichana mrefu asiyejua hata kukunja kola, na filamu ikaisha, ikaonyeshwa. Tulikwenda kuitazama. Ni filamu nzuri, kimya kama alivyoahidi, isipokuwa ukumbini ambako wifi yangu aliisimulia yote kuanzia jina la kwanza, nani aliketi wapi, shati lipi liliungua. Watu walitugunia. Bwana mmoja wa nyuma akatuinamia, akamwomba mdogo wangu amnyamazishe mkewe.

Mdogo wangu akageuka.

"Samahani, ndugu," akasema. "Namsikiliza."